Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Walioopoa maiti za MV Nyerere nao ni wagonjwa

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Kwa heshima zote nakusalimu. Mimi ni mkazi wa Ukerewe, mkoa wa Mwanza, mama wa watoto na fundi cherehani. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua za kawaida nimeshaandika. Ziligongwa muhuri wa kupokelewa, na habari yake ikaishia kwenye muhuri. Leo nimeshindwa kunyamaza kwa ajili ya jambo lililotokea gatini wiki iliyopita.

Mdogo wangu alifungwa kamba mbele ya watu. Kivuko kilipokaribia kutia nanga, honi ilipigwa, abiria wakainuka wote kwa pamoja na kusogea upande wa kushukia, kama wanavyofanya siku zote. Naye akaanza kupiga mayowe akiwasukuma warudi nyuma. Wengine walisema ni mlevi, wengine wakasema ana mapepo. Vijana wakamkamata, wakamfunga mikono kwa kamba ya katani na kumpeleka hospitali. Hospitali yenyewe siitaji, maana yaliyotukuta pale nimeyasikia pia kwa watu wa visiwa vingine. Daktari aliuliza kama anavuta bangi. Hakuuliza alikuwa wapi tarehe 20 Septemba 2018. Alichomwa sindano ya usingizi, tukapewa vidonge vya diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, kwenye kibahasha cha kaki, kimoja kila usiku, tukaambiwa akapumzike.

Mheshimiwa, naomba nikuambie alikokuwa.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio la Bugolora. Kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kimeruhusiwa kubeba watu 101, lakini kilipakia zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, pamoja na mizigo yao. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, watu wa nchi kavu wakiwa wanakitazama. Walikufa watu zaidi ya 220 na waliookolewa walikuwa 41. Mdogo wangu hayumo katika hesabu yoyote kati ya hizo. Hakuwa abiria. Alikuwa kwenye mtumbwi wake, akawa miongoni mwa wavuvi waliofika mapema, na tangu mchana ule mpaka siku ya maziko ya pamoja, tarehe 23, kazi yake ilikuwa ni kuvuta watu kutoka majini. Wachache mwanzoni walikuwa hai. Akizungumza, na ni mara chache, anazungumzia watoto na jinsi nguo zao zilivyokuwa zinateleza mikononi.

Waliofiwa walipewa mkono wa pole, na ni haki yao. Michango ya Watanzania ilitumika pia kuboresha huduma za afya kisiwani, nasi tunashukuru. Lakini walioopoa hakuna aliyewauliza wanalalaje. Siku zile za msiba afisa mmoja alikaa kwenye kiti cha plastiki uani kwetu, akaandika namba ya simu ya mdogo wangu kwenye daftari, akatuahidi kwamba wataalamu wa saikolojia watarudi kuzungumza na waokoaji. Ile laini ya simu tumeilinda isifungwe mpaka leo. Haijapigwa.

Mtumbwi aliuuza. Halali chali, hulala ameketi, mgongo ukutani, uso ukielekea mlangoni. Wavuvi wa dagaa wakiwasha taa zao ziwani usiku, yeye hukaa akizihesabu, na moja ikizimika anainuka kwenda ufukweni. Samaki hagusi. Mke wake alivumilia kadiri alivyoweza, kisha akarudi kwao na watoto, na mimi simlaumu. Tangu hapo mzigo ni wangu. Cherehani yangu ya pili nimeiuza kwa ajili ya nauli na dawa. Tumepita kwa waganga, tumepita kwenye maombi, na kila tulikoenda tulitoa pesa. Mimi mwenyewe siku hizi nashtuka usiku nikisikia mlango wake. Watoto wangu wamejifunza kutembea kwa kunyata katika nyumba yao wenyewe.

Nilianza kusoma kwa sababu nilichoka kuambiwa amerogwa. Ugonjwa huu una jina, msongo wa baada ya kiwewe, na hospitalini huandikwa PTSD. Ulitambuliwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, na mengi yanayotokea ndani ya ubongo wa mgonjwa yameshachunguzwa. Kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo kazi yake ni kunusa hatari na kuuamsha mwili kabla hata mtu hajafikiri. Kwa mgonjwa wa kiwewe sehemu hii haitulii. Ni mbwa wa mlinzi aliyepigwa usiku mmoja, na tangu usiku huo anambwekea hata mwenye nyumba. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo ndiyo ingemwambia amigdala kwamba hiyo ni honi tu, inakuwa haina nguvu ya kumtuliza. Nayo hipokampasi, inayoweka kumbukumbu mahali pake pamoja na tarehe yake, haikulifunga tukio lile vizuri. Ndiyo maana honi ya wiki iliyopita ilimrudisha mdogo wangu mwaka 2018, mzimamzima, na maji, na mayowe. Hakuwa anakumbuka. Alikuwa yuko kule.

Hata homoni zake zimevurugika. Noradrenalini, inayoufanya moyo ukimbie na mikono itetemeke, hupanda hata mahali penye usalama. Kotisoli, homoni ya msongo ambayo pia husaidia kuutuliza mwili baadaye, na ambayo wengi tungedhani lazima iwe juu kwa mtu mwenye msongo, watafiti wameikuta mara nyingi iko chini kwa wagonjwa hawa, kana kwamba mwili umepoteza njia ya kuzima kile ulichokiwasha. Niliyasoma haya nikalia. Si pepo, si uvivu, na wala si bangi.

Sasa kuhusu ile diazepamu. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu magonjwa yatokanayo na msongo, likashauri dawa za kundi hilo zisitolewe kwa dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Miongozo mingine mikubwa inakataza kuzitegemea kutibu PTSD hata baadaye. Zinamlaza mtu, zinamzoesha, na ugonjwa unabaki palepale. Dawa zinazosaidia baadhi ya wagonjwa, kama setralini na fluoksetini, zipo, ingawa hazifanyi kazi siku moja na zinahitaji mtu wa kufuatilia. Sisi tulipewa kile kibahasha cha kaki na mlango wa kutokea.

Na tiba yenye nguvu zaidi, Mheshimiwa, wala si kidonge. Ni mazungumzo ya mpangilio maalumu na mtu aliyefunzwa. Ipo namna moja ambayo mgonjwa hutandaza kamba chini, kamba ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa, kisha anaweka ua mahali pa tukio jema na jiwe mahali pa tukio baya. Halafu kikao baada ya kikao anasimulia kwa utaratibu, jiwe kwa jiwe, aliona nini, alisikia nini, mwili ulifanya nini, mpaka tukio linapata mwanzo na mwisho na kukaa katika wakati uliopita. Si kumwambia mtu "jikaze, sahau". Wala si kumketisha siku moja baada ya ajali aeleze yote halafu aachwe, maana kikao kimoja cha namna hiyo kimechunguzwa na hakizuii ugonjwa.

Nitaambiwa hatuna wataalamu. Najua madaktari wa akili ni wachache nchini na hospitali ya akili ya Mirembe iko Dodoma. Lakini katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wa Kinyarwanda na wa Kisomali walitibiwa kwa njia hii na wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo, watu wasio madaktari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008, na karibu 70 kati ya kila 100 waliotibiwa hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa huo. Na hapa kwetu, Moshi, pamoja na Bungoma nchini Kenya, washauri wa kawaida walifunzwa kuwahudumia kwa vikundi watoto yatima wenye majonzi na kiwewe. Utafiti ule ulihusisha watoto 640, ukachapishwa mwaka 2020, na sehemu nyingi ulikofanyika watoto walipata nafuu zaidi ya wale waliopata huduma za kawaida. Moshi ni Tanzania. Kama limewezekana Kilimanjaro, Ukerewe tuna kasoro gani?

Mimi nahisi sababu ni kwamba ugonjwa huu hauonekani kwenye darubini. Malaria ina kipimo, kipindupindu kina kipimo, hivyo vina safu yake kwenye fomu za mwezi. Mdogo wangu hana safu. Huenda pia ni kwa sababu wanaougua ni wavuvi, na mvuvi akipiga kelele gatini watu hudhani amelewa. Kama kuna sababu nyingine, ieleze wizara yako. Sheria ya Afya ya Akili tunayo tangu 2008 na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tunayo tangu 2023. Naomba kujua ni kifungu gani kinachomfikia mtu aliyefungwa kamba ya katani.

Wala si Ukara peke yake. Mwaka 2019 lori la mafuta liliwaka Msamvu, Morogoro. Mwaka 2022 ndege ilianguka ziwani Bukoba, na wavuvi walifika na mitumbwi yao, kama kawaida yetu. Kila mara tunawapigia makofi waokoaji, kisha wanarudi nyumbani peke yao na yale waliyoyaona.

Nilikuwa na orodha ndefu ya maombi. Nilitaka dawa sahihi ziwepo, wauguzi wafunzwe kuuliza kabla ya kuchoma sindano, waokoaji watafutwe mmoja mmoja. Bado nayataka yote. Lakini uzoefu umenifundisha kwamba orodha ndefu hupelekwa kwenye kamati, kwa hiyo naomba moja tu: mtu mmoja aliyefunzwa tiba hii, awe muuguzi, awe mwalimu mstaafu, akae Ukara, siku zake za kazi zibandikwe mlangoni. Mmoja, Mheshimiwa. Hatuombi jengo wala gari.

Naomba nijibiwe hadharani kama nilivyoandika. Swali langu ni hili: ataanza kazi tarehe gani?

Wako katika ujenzi wa taifa,
Dada wa mwokoaji, Ukerewe