Benki haina deni kwa aliyefungia dola kabatini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu hoja inayorudiwa mno siku hizi, kwamba benki ikishapewa leseni ya kushughulika na fedha za kigeni inalazimika kupokea kila noti ya kigeni inayoletwa dirishani na kumpa mwenye nayo shilingi kwa bei iliyobandikwa ubaoni, hata kama noti hizo zilinunuliwa na kufungiwa nyumbani kwa kusudi moja tu la kungoja bei ipande. Nilifanya kazi ya ukeshia hapa Arusha kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, sehemu kubwa ya miaka hiyo nikiwa kwenye dirisha la fedha za kigeni, na ninaamini wenye hoja hii wanaidai benki deni ambalo haikukopa.

Nianze na nilichokiona. Desemba 2024 nilikuwa kwenye foleni ya benki moja mjini, na mbele yangu alisimama bwana mmoja wa makamo aliyetoa bahasha ya kaki yenye noti za dola mia mia zilizofungwa kwa mpira, ambazo harufu yake ya dawa ya nondo ilitufikia hata sisi wa nyuma. Keshia, binti wa umri wa wajukuu zangu, alizipitisha moja moja chini ya taa ya zambarau, akatenga nne pembeni na kusema kwa upole, "Hizi za mwaka 1996 hatuzichukui, baba." Kisha akamtajia bei ya zile zilizobaki. Miezi michache nyuma dola ilikuwa imekaribia shilingi 2,700, na sasa ilikuwa ikielea karibu na 2,400, kwa hiyo katika kila dola elfu moja zilizokuwa ndani ya bahasha ile takriban shilingi laki tatu zilikuwa zimeyeyuka. Yule bwana alipandwa na hasira, akauliza kwa sauti, "Sasa kazi yenu ni nini kama si kubadilisha fedha?" Watu kadhaa kwenye foleni walitikisa vichwa kumuunga mkono, na ni kwa ajili yao ninaandika.

Simwiti yeyote mlanguzi. Neno hilo lina historia chungu katika nchi hii, na wenye umri wangu wanakumbuka msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983, jinsi hofu ya kuitwa hivyo ilivyowafanya watu watupe sabuni na vitenge vichakani usiku. Mtu anayenunua dola leo akitumaini kuziuza kwa faida kesho havunji sheria, kwa kuwa Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992 ilituruhusu kuzishika bila kuulizwa. Lakini inafaa tukumbuke hali ilivyokuwa kabla ya ruhusa hiyo. Chini ya udhibiti wa zamani, aliyepata fedha za kigeni alitakiwa azipeleke benki, na benki nayo ilizipokea kwa bei rasmi ya serikali, ambayo katikati ya miaka ya themanini ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya mtaani. Wakati ule ndipo dirisha la benki lilipolazimika kununua, nalo lililazimika kwa sababu mwenye fedha pia alilazimika kuuza. Mwaka 1992 pande zote mbili zilifunguliwa kwa pamoja: raia akapata uhuru wa kukaa na dola zake, maduka ya kubadilishia fedha yakaanza, na mwaka 1994 likaja soko la fedha za kigeni baina ya mabenki, ambako bei hupatikana kwa makubaliano ya muuzaji na mnunuzi. Anayetaka leo benki ilazimishwe kununua, huku yeye akibaki huru kuamua siku ya kuuza, anataka kamba ifungwe upande mmoja tu.

Kisheria jambo hili si gumu kama linavyofanywa. Ndani ya Jamhuri ya Muungano fedha halali ya malipo ni shilingi ya Tanzania, na hakuna mdai anayeweza kuikataa. Dola, yuro, au shilingi ya Kenya, ikishavuka mpaka na kuingia kwetu, mbele ya keshia ni bidhaa kama bidhaa nyingine, ina bei ya kununuliwa na bei ya kuuzwa, na bei iliyoandikwa ubaoni ni mwaliko wa kufanya biashara. Mkataba hupatikana pande mbili zikikubaliana. Isitoshe, sheria ya kudhibiti utakasishaji wa fedha haramu inaitaka benki imjue mteja wake na ihoji chanzo cha fedha pale inapotilia shaka, na sioni jinsi mtu anavyoweza kuamriwa ahoji na papo hapo aamriwe asikatae.

Swali ambalo wengi hawalifikii ni nani hasa anayedaiwa na noti. Anayedaiwa ni yule aliyeitoa. Enzi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1919, shilingi yetu ilikuwa na dhamana kwamba bodi yenyewe ingeibadilisha kwa pauni, shilingi 20 kwa pauni moja, na aliyebeba wajibu huo alikuwa bodi. Marekani nayo, hadi tarehe 15 Agosti 1971, iliahidi kutoa dhahabu kwa dola 35 kwa wakia, lakini ahadi hiyo ilikuwa kwa serikali na benki kuu za nchi nyingine; mtu binafsi aliyerundika dola hakuwa na dirisha la kugonga. Hata kifungu cha nane cha mkataba wa Shirika la Fedha la Kimataifa, ambacho Tanzania iliukubali wajibu wake mwaka 1996 na ambacho wachangiaji hupenda kukitaja bila kukisoma, kinaifunga nchi mwanachama inunue fedha yake yenyewe inayorudishwa na nchi mwanachama mwenzake, tena kwa masharti. Hakisemi lolote kuhusu bahasha ya kaki.

Jirani zetu walitupa somo mwaka 2019. Tarehe 1 Juni Kenya ilitangaza kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zitakoma kutumika ifikapo 1 Oktoba, na muda si mrefu Benki Kuu yetu ikasitisha ubadilishaji wa fedha za Kenya hapa nchini, ili Tanzania isiwe uchochoro wa kusafishia noti ambazo wenyewe hawakuthubutu kuzipeleka Nairobi. Wafanyabiashara wa Namanga na Holili waliokuwa na noti hizo kwa biashara halali walisumbuka, na niliwahurumia, lakini dawa yao ilikuwa kwa mtoaji, upande wa pili wa mpaka. Muda ulipokwisha, noti zaidi ya milioni 7.3, zenye thamani ya karibu shilingi bilioni 7.4 za Kenya, zilikuwa hazijarudishwa, zikabaki karatasi. Fikiria benki za Arusha zingelazimika kisheria kuzinunua hadi dakika ya mwisho: hasara hiyo ingewaangukia nani kama si wenye amana?

Kijana wa jirani yangu hivi karibuni aliniletea noti mbili za dinari 25,000 za Iraq, safi kama zimetoka kiwandani, ambazo aliuziwa kupitia simu na mtu aliyemwambia kwamba siku si nyingi dinari itarudi kwenye thamani yake ya zamani na benki zote duniani zitalazimika kuibadilisha. Hadithi hii imewazungusha Wamarekani wengi kwa takriban miaka ishirini. Inajengwa juu ya kweli moja, kwamba kabla ya vita vya mwaka 1990 dinari moja ilihesabiwa rasmi kuwa zaidi ya dola tatu, na inanyamaza kuhusu kweli nyingine, kwamba Desemba 2020 Iraq yenyewe iliishusha fedha yake kutoka takriban dinari 1,190 hadi 1,450 kwa dola, na hata ilipoipandisha tena Februari 2023 iliiweka kwenye 1,300. Kwa hesabu hiyo kila noti ya kijana yule inakaribia dola 19, na yeye alilipa zaidi ya hapo. Nilimwambia aende akaulize benki yoyote mjini kama inanunua. Alirudi jioni na noti zake zote mbili, akaniuliza kama tunaweza kuzishitaki benki.

Kuna jambo jingine ambalo aliyekaa nje ya dirisha halioni. Dola iliyo kwenye akaunti na dola ya karatasi si kitu kimoja. Ya kwanza hufika New York kwa dakika chache, lakini ya pili lazima ihesabiwe, ikaguliwe, ifungwe, ikatiwe bima, ipandishwe ndege chini ya ulinzi, na huko iendako ihesabiwe tena na mtu ambaye akikuta bandia atakata thamani yake kwenye hesabu ya benki yetu. Ndiyo maana noti ya dola moja au tano hununuliwa kwa bei ya chini kuliko ya mia, na ndiyo maana iliyochanika, iliyopigwa muhuri au iliyoandikwa kwa kalamu hurudishwa. Kuhusu zile za mwaka 1996, kweli Marekani haijazifuta, kwani inaendelea kuzitambua noti zake zote zilizotolewa tangu mwaka 1861. Lakini uhai wa noti kwa mtoaji wake haumlazimishi mnunuzi wa Arusha ambaye atapata shida kuiuza. Zaidi ya hapo, Benki Kuu imeweka kikomo cha fedha za kigeni ambazo benki inaruhusiwa kubaki nazo bila kuzisawazisha na madeni yake ya fedha hizo, na shilingi inapopanda kwa kasi kama Desemba ile, kila mwenye bahasha huja siku hiyo hiyo. Benki iliyolazimishwa kununua zote ingevunja kikomo kabla ya saa sita mchana.

Nakiri kwamba upande wa pili una hoja moja nzito. Novemba 2018 maduka ya kubadilishia fedha hapa Arusha yalifanyiwa ukaguzi wa ghafla, askari wakiwa nje, na mapema mwaka 2019 hali ikawa hiyo hiyo Dar es Salaam. Mengi yakafungwa, na kwa muda mrefu mtu mwenye dola hakuwa na pa kwenda ila benki. Tena tangu Machi 28, 2025 kanuni mpya zinakataza kutoza au kulipia bidhaa na huduma humu nchini kwa fedha za kigeni, jambo ambalo naliunga mkono, lakini linamaanisha kwamba dola ambayo benki imeikataa haiwezi tena kulipia pango. Serikali ikishawaelekeza watu wote kwenye mlango mmoja, haiwezi kujifanya haijali mlango huo unapofungwa. Hata hivyo mimi ningefungua milango zaidi, kwa kurahisisha masharti ya maduka madogo ya kubadilishia fedha, kuliko kumlazimisha aliye kwenye mlango mmoja anunue asichokihitaji kwa amana za mama lishe na mwalimu.

Na kama tunatafuta wajibu wa kweli wa benki, tusiutafute kabatini. Mwaka 2023 na sehemu kubwa ya 2024, dola zilipoadimika, kulikuwa na watu waliokuwa wameweka dola zao kwenye akaunti za fedha za kigeni, wakapewa stakabadhi, na walipokwenda kuzitoa wakaambiwa waje wiki ijayo au wachukue shilingi. Mimi mwenyewe nilikuwa na akiba ndogo ya namna hiyo kwa ajili ya matibabu ya mke wangu nje ya nchi, na nilipigwa kalenda mara tatu. Hapo benki ilikuwa inadaiwa, kwa sababu ilipokea dola na kuahidi dola. Ajabu ni kwamba malalamiko hayo hayakupata hata robo ya kelele zinazopigwa sasa na waliokosea kubahatisha bei.

Ninachoomba Benki Kuu ifanye si kikubwa. Kila dirisha la fedha za kigeni libandikwe, pembeni ya ubao wa bei na kwa Kiswahili, orodha ya fedha ambazo tawi hilo linanunua, miaka ya noti linazokubali, bei ya noti ndogo, na kiwango ambacho juu yake mteja ataulizwa chanzo. Na masharti hayo yawe sawa kwa mgeni aliyeshuka kutoka Serengeti na kwa mkulima wa vitunguu wa Mang'ola. Binti yule wa Desemba hakuwa na karatasi ya kumwonyesha mtu aliyekuwa akimfokea. Alichokuwa nacho ni zile noti nne, ambazo alizirudisha ndani ya bahasha, akaifunga, na kuisukuma kwa mikono miwili chini ya kioo.

Mstaafu wa benki,
Arusha