Tulibadili katiba mara nne kumfuata mfadhili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa kukatwa kwa misaada ya nje katika huduma za afya, mjadala ambao tangu mwanzoni mwa mwaka 2025 umekuwa ukiendeshwa kwa hesabu za fedha tu: zilikuwa ngapi, zimepungua kiasi gani, na pengo litazibwa na nani. Mimi ni muuguzi mstaafu katika Mkoa wa Njombe, na kwa miaka kumi na mitano nilikuwa mweka hazina wa kikundi kidogo kilichoanzishwa ili kuwahudumia wagonjwa majumbani. Nililojifunza katika daftari la kikundi kile ni kwamba fedha ya mfadhili haikutuwezesha tu kufanya kazi, bali ilituamulia kazi yenyewe iwe ipi, na hilo halitarekebishika kwa kubadilisha mfuko inakotoka fedha peke yake.

Nianze kwa kutenda haki. Mkoa wetu ndio unaoongoza nchini kwa maambukizi ya Virusi vya UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulionyesha asilimia 12.7 ya watu wazima hapa kwetu wanaishi na VVU, wakati wastani wa nchi ni asilimia 4.4. Kabla ya Oktoba 2004, dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure katika hospitali za umma, kazi yetu wauguzi ilikuwa kubadilisha shuka, kutuliza maumivu na kuwafariji waliobaki. Dawa hizo zilifika kwa fedha za wengine: Mfuko wa Dunia ulioanzishwa mwaka 2002, na mpango wa Marekani wa PEPFAR ulioanza mwaka uliofuata. Nimewaona watu walioletwa kwa machela wakirudi shambani kulima viazi, na wengine wao leo wana wajukuu. Anayesema misaada ile haikuleta kitu hakuwepo wodini enzi zile.

Sasa nirudi kwenye daftari. Kikundi chetu kilianza na wanawake wengi, wanaume wachache na mchungaji mmoja mstaafu. Kila mwanachama alitoa shilingi 500 kwa mwezi, na wakati wa mavuno kila kaya ilitoa debe la mahindi, ambalo lilihifadhiwa kwa mzee mmoja na kugawiwa kwa nyumba zenye mgonjwa. Mgonjwa alikuwa mgonjwa. Hatukuuliza anaumwa nini: tulimwogesha, tulimpikia, na kama paa lilivuja tulitafuta vijana wa kulipandia. Katika kurasa za miaka ile, karibu kila jina lina alama ya vema kila mwezi, na asiyelipa ameandikiwa sababu, “amefiwa” au “amejifungua”.

Kisha tukapata ruzuku ya kwanza. Tulipewa mabegi ya huduma yenye glavu, sabuni na dawa za maumivu, tukapewa baiskeli, na kila aliyetembelea wagonjwa akalipwa posho ya mwezi baada ya kutia saini. Sikumbuki siku mtu yeyote aliposimama kikaoni na kusema michango ikome, lakini ninapofungua kurasa za miaka miwili baadaye naona safu zile zile za majina bila alama hata moja, na debe la mahindi halitajwi tena. Mtu hawezi kuchangia mahali anapolipwa. Ingekuwa kama kumdai mshahara mwajiri wako kisha kumrudishia nusu. Tuligeuka kutoka wanachama kuwa waajiriwa wasio na mkataba, na aliyekuwa na haki ya kutuuliza maswali hakuwa tena jirani yetu bali ofisa wa mradi aliyekuja kila robo mwaka na gari.

Katiba yetu ya kwanza ilisema lengo la kikundi ni “kuwasaidia wagonjwa na wasiojiweza katika kijiji.” Miaka michache baadaye ilitangazwa ruzuku ya watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi, nasi tukarekebisha kifungu cha malengo ili watoto watangulie. Ikafuata ruzuku ya kuhamasisha upimaji, tukarekebisha tena. Dunia ilipoingia katika malengo ya 90-90-90, yaani asilimia 90 ya wenye VVU wajue hali zao, asilimia 90 ya hao watumie dawa, na asilimia 90 ya wanaotumia virusi vyao vifubazwe, na baadaye 95-95-95, tukawa kikundi cha kufuatilia walioacha dawa. Marekebisho ya nne sitayasahau, kwa kuwa mimi ndiye niliyeandika muhtasari wake. Siku ya mwisho ya kupeleka maombi ilikuwa kesho yake; tulikaa watu saba jikoni kwa katibu, mmoja akisoma tangazo la ruzuku na mwingine akiingiza maneno yake katika kifungu chetu, kisha nikaandika kwamba “mkutano mkuu uliridhia kwa kauli moja.” Mkutano mkuu haukuitwa. Hakuna aliyetulazimisha kufanya hivyo, wala hapakuwa na mwizi miongoni mwetu. Tuliogopa tu kwamba bila ruzuku wale waliokuwa wakitutegemea watabaki bila mtu.

Wenzangu waliobaki kazini wanajua kwamba hali hii haikuishia kwenye vikundi. Katika zahanati niliyomalizia utumishi wangu, chumba cha kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU kilikuwa na kabati la chuma, kompyuta, na karani wa takwimu aliyelipwa na mradi. Chumba cha pili, muuguzi mmoja aliwaona wagonjwa wa nje na wajawazito, kisha usiku akajaza vitabu vya MTUHA, yaani rejista za taarifa za huduma za afya, kwa mkono, cha tano na cha sita, huku taa ya simu ikiwa imeegemezwa kwenye kikombe. Alikuwepo mama mmoja, mteja wetu wa miaka mingi, ambaye virusi vyake vilikuwa vimefubazwa kabisa na dawa zake hazikukosekana hata mara moja. Mama huyo alikuwa pia na shinikizo la damu. Kwa hilo hatukuwa na rejista ya maana wala karani, na mara nyingi hata dawa hatukuwa nazo. Tulimwandikia akanunue duka la dawa muhimu, na kama mwezi huo hakuuza kuku hakununua. Alipopata kiharusi, taarifa yetu ya robo mwaka ilimhesabu miongoni mwa wateja waliofanikiwa, na kwa kipimo tulichopewa ilikuwa taarifa sahihi.

Ndiyo maana sikushangaa sana na yaliyotokea baada ya tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump aliposaini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90, na baadaye shirika la USAID lenyewe likafungwa rasmi Julai mwaka huo. Hapa kwetu vidonge havikutoweka rafuni. Waliotoweka ni watu: karani wa takwimu, washauri rika, na kijana wa pikipiki aliyejua nyumba ya kila mtoro wa dawa. Ilipofika zamu ya kuwafuata waliokosa siku zao za kliniki, ikagundulika kwamba orodha ilikuwa ndani ya kompyuta ambayo nywila yake ilikuwa kwa karani aliyekwisha kurudi kwao. Muuguzi alimpigia simu, akaisoma taratibu tarakimu kwa tarakimu. Namshukuru kijana yule kwa kupokea simu.

Wakati wa siku zile nilisikia watu wengi, wakiwemo viongozi, wakirudia methali kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hiyo ni nzuri kwenye khanga, lakini hapa inamtwisha lawama mtegemeaji peke yake, kana kwamba mama yule wa kiharusi ndiye aliyechagua ugonjwa upi ufadhiliwe. Nchi yetu imewahi kulitazama suala hili kwa umakini zaidi. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilipokata msaada wake wa kijeshi kwa sababu ya uwakilishi wa Ujerumani Mashariki, Mwalimu Nyerere aliwaambia waondoe na uliobaki. Na Desemba ya mwaka huo alivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kuhusu Rhodesia (Zimbabwe ya leo), mkopo wa pauni milioni 7.5 ukasimama. Azimio la Arusha, lililofuata mwaka 1967, lilionya wazi kwamba anayejenga maendeleo yake juu ya fedha za wengine anauweka uhuru wake rehani. Tumeyaona tena mwaka 2016, Marekani iliposimamisha takriban dola milioni 472 zilizokusudiwa kwa umeme, ikitaja uchaguzi wa Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao. Hayo ni masharti yanayosemwa kwa sauti, na kwa hiyo taifa linaweza kuyajibu kwa sauti. Sharti lililoingia kwetu lilikuwa safu katika fomu ya taarifa, na fomu haijibiwi, inajazwa.

Lakini ipo habari moja inayonifanya nisikate tamaa, na ambayo sioni ikiandikwa magazetini. Tangu mwaka 1999 baadhi ya wafadhili wamekuwa wakiweka fedha zao katika kapu moja, Mfuko wa Pamoja wa Afya, badala ya kila mmoja kuja na mradi wake. Kwa miaka mingi fedha hizo ziliishia halmashauri, na sisi wa zahanati tulizisikia tu. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 zikaanza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kila kituo, na matumizi yake yakapangwa na kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kijijini. Katika kikao cha kwanza cha aina hiyo nilichohudhuria, mganga mfawidhi alitaka samani za ofisi. Mjumbe mmoja, mama muuza mboga, akauliza kwa nini wanawake bado wanajifungulia kwenye mwanga wa tochi. Tulinunua taa za sola za chumba cha kujifungulia, na kilichobaki kikaongezwa kidogo tukapata mashine ya kupimia shinikizo la damu. Fedha zilikuwa za nje vilevile, pengine kutoka kwa wafadhili walewale, ila swali la “kwa nini” liliulizwa na mtu ambaye binti yake angejifungulia pale.

Kwa mantiki hiyohiyo, naomba tusidhani kwamba shilingi ya ndani ni tiba yenyewe. Nimefurahi kwamba bajeti ya 2025/26 ilileta tozo mpya ambazo sehemu ya mapato yake imeelekezwa kwenye Mfuko wa UKIMWI, ulioundwa kisheria mwaka 2015, na kwenye bima ya afya kwa wote. Hata hivyo, nimefanya kazi serikalini miaka thelathini na ushee. Nimesubiri OC, yaani fedha za matumizi mengineyo ya ofisi, iliyokuja Juni ikitakiwa iishe Juni hiyohiyo, na nimejaza fomu za wizara ambazo hazikuwa na safu ya maradhi niliyokuwa nikiyaona kila asubuhi. Kituo kinachomtazama katibu mkuu Dodoma badala ya ofisa wa mradi bado kinatazama juu, na mgonjwa bado yuko nyuma ya mgongo wake.

Kikundi chetu kimefufuka, kama naweza kuliita hivyo jambo dogo namna hii. Tumebaki kumi na mmoja, wengi tukiwa na magoti mabovu, na tunachanga shilingi 2,000 kwa mwezi. Kikao cha kwanza tulibishana karibu saa mbili kuhusu nyumba ya kuanza nayo. Wengine walitaka turudi kwa wale tuliokuwa nao kwenye orodha ya mradi. Hatimaye tukaenda kwa mzee mmoja aliyepooza upande mmoja, anayeishi na mjukuu wa darasa la tano, ambaye katika miaka yote ya ruzuku hatukuwahi kumtembelea kwa sababu hakuwa na ugonjwa uliokuwa kwenye fomu. Nyumba yake iko hatua zisizofika mia mbili kutoka kwa katibu wetu.

Sidanganyi kwamba shilingi elfu ishirini na mbili kwa mwezi zitaziba pengo la mabilioni. Dawa za kufubaza virusi hazinunuliwi kwa mchango wa vikoba, na jukumu hilo ni la Serikali na washirika wake. Ninachoomba ni kidogo na kinapimika. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na hata pale utekelezaji ulipochechemea, kuwepo kwa kifungu hicho kuliwapa wananchi kitu cha kudai. Waheshimiwa madiwani wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa posho za wahudumu wa afya ngazi ya jamii: kiasi kinachojulikana, kwa watumishi wanaomfuata mgonjwa yeyote, awe wa VVU, kifua kikuu, kisukari au kiharusi. Pili, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi husomwa hapo. Isomwe na taarifa ya zahanati, pamoja na ya kila shirika linalofanya kazi katika kijiji hicho, ikieleza fedha zilizoingia, zimetoka kwa nani, zimetumika kwa kazi gani na ni kazi gani imeachwa.

Vikao vya bajeti za vijiji huanza kabla ya vile vya halmashauri, na katika kijiji chetu nimekwisha kumwandikia mwenyekiti barua ya kuomba mambo hayo mawili yaingizwe kwenye ajenda. Nakala nimempa diwani.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Njombe.