Barua ya wazi kwa vijana mnaochomea tanuri moja

Wanangu wafinyanzi,

Habari za ugomvi wenu zimenifikia. Kwamba vikombe vimewachosha, kwamba hamkubaliani ugongwe muhuri wa nani, ile alama ya mfinyanzi kwenye chombo, na kwamba mmoja wenu anafunga virago. Sitaamua kesi hiyo. Nitawapa tu habari za Lucie Rie na Hans Coper, wafinyanzi wawili waliofanya kazi karakana moja.

Lucie alikuwa na jina kubwa kwao Vienna. Mwaka 1938 aliwakimbia Wanazi, akafungua karakana London, Albion Mews, karibu na Hyde Park. Sifa za kwao hazikumlisha. Bernard Leach, mkubwa wa wafinyanzi wa Uingereza, aliona vyombo vyake ni vyembamba mno. Wakati wa vita Lucie akaishi kwa kutengeneza vifungo vya nguo vya udongo.

Mwaka 1946 Hans akabisha hodi. Mkimbizi kutoka Ujerumani, kazi ya udongo haijui, ndoto yake ni kuchonga sanamu. Huyu Waingereza walikuwa wamemhesabu adui, wakamweka kizuizini mpaka Kanada. Lucie akamwajiri, basi aliyeonja kifungo akapewa vifungo vya nguo atengeneze. (Mnisamehe, lugha yetu yenyewe ndiyo yenye utani.)

Lucie akampeleka ajifunze gurudumu la kufinyangia. Hakukawia kuiva, na mwanafunzi ndiye aliyemhimiza mwalimu aache kumfuata Leach, arudie wembamba wake. Mngapi kati yenu mngevumilia kuambiwa hivyo na mtu mliyemwajiri?

Kodi ililipwa na vikombe, visahani na mabirika ya kahawa. Lucie alipaka glezi, ule mpako unaong'aa kama kioo, kwenye chombo kibichi ambacho hakijachomwa, akachoma mara moja tu badala ya mbili, katika tanuri la umeme. Nyinyi mnaolia na bili, lifikirieni hilo. Vyombo hivyo vya mezani viligongwa mihuri miwili, wa Lucie na wa Hans. Lakini kila mmoja alikuwa na kazi zake binafsi, na hizo zilibeba muhuri mmoja. Lucie alifinyanga mabakuli na chupa. Hans aliunganisha vipande vilivyotoka kwenye gurudumu mpaka chombo kikasimama kama sanamu. Meza moja, mikono isiyofanana hata kidogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Hans alihamia Digswell, Hertfordshire, akawa na karakana yake. Huko ndiko alikopata nafasi ya kazi kubwa, kama vinara vya mishumaa vya kanisa kuu la Coventry lililofunguliwa mwaka 1962. Urafiki wao haukukatika hadi Hans alipofariki mwaka 1981.

Kwa hiyo wewe unayeondoka, nenda, wala usiage kwa matusi. Nanyi mnaobaki, msimfungie mlango wa tanuri. Na vile vikombe vilivyoko rafuni bado vina unyevu: vigongeni mihuri yote leo, kabla havijakauka.

Mzee wenu