Mirija ya karatasi inawatesa wagonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze kero yangu kuhusu mirija ya karatasi, ambayo baadhi ya migahawa ya hapa Dar es Salaam inawapa wateja badala ya ile ya plastiki. Jumapili iliyopita nilikwenda na mama kwenye mgahawa mmoja. Mkono wake umepooza kutokana na kiharusi, hivyo hawezi kuinua glasi bila kumwaga. Juisi ya ukwaju haijafika nusu, mrija ukawa umelowa na kunywea, mama akabaki akitema vipande vya karatasi kwenye leso. Ajabu ni kwamba bilauri yenyewe na kifuniko chake vilikuwa vya plastiki!

Sipingi utunzaji wa mazingira. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, nilirudia kikapu changu cha ukindu bila kunung’unika. Lakini hata England, ilipozuia mirija ya plastiki Oktoba 2020, iliruhusu maduka ya dawa kuiuza na migahawa kumpa mwenye ulemavu anayeiomba. Mimi nilijibiwa tu, “Ndiyo iliyopo, dada.” Nawaomba wenye migahawa waweke walau pakiti moja ya mirija ya plastiki nyuma ya kaunta.

Mkazi wa Kinondoni,
Dar es Salaam