Barua ya wazi kwa vijana wa kwaya: bahasha inayodai kipaza sauti

Wanangu na wajukuu zangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nasikia mmeunda kamati ya kutafuta kinanda kipya, na mgeni rasmi wa harambee yenu ni mheshimiwa anayewania kiti mwaka 2027. Sikuitwa kikaoni, wala sikutarajia. Mweka hazina mstaafu ni kama kile kiti kibovu cha sakristia, hakitupwi na hakikaliwi. Lakini njia hii nimeipita, na nikinyamaza nitakuwa nimewadhulumu.

Sisi tulikuwa tunatafuta mabati ya kanisa, na bahasha yetu ililetwa baada ya komunyo, kabla ya baraka ya mwisho. Mgombea alisimama palepale linaposomwa Neno, akahutubia dakika arobaini. Misa ilipokwisha nilizihesabu noti juu ya meza tunayotandikia mavazi ya padre. Zilikuwa mpya hata zinagandana, kila mara nalamba kidole. Kando yangu palikuwa na kikapu cha matoleo, na ndani yake mayai saba ya mama mmoja mjane wa jumuiya yetu, yamefungwa kwa gazeti. Mayai hayo hayakutangazwa na mtu. Niliandika "mayai 7", chini yake nikaandika zile noti, nikapiga mstari.

Mabati yalipanda, siwezi kukana. Mwaka uliofuata shamba la yule mama likazungushiwa ua na watu wa mgombea huyohuyo. Alikuja jumuiyani na barua mkononi, akaomba watu wawili watatu wa kumsindikiza ofisini kwa chifu. Tukasali Rozari, Matendo ya Uchungu yote matano, na tulisali vizuri sana. Hakuna aliyemsindikiza. Kila tukikumbuka yale mabati, ulimi ulikuwa mzito. Baadaye nilikwenda kuungama. Dhambi iliondolewa, shamba halikurudi.

Sisemi mwanasiasa afungiwe mlango. Amebatizwa kama ninyi, ana nafasi yake kwenye benchi. Maaskofu wetu wa Kenya walipokataza siasa ndani ya Misa, Septemba 2021, hawakumkataza mtu kusali. Atoe kikapuni, kama mama wa mayai. Akikubali kutoa bila kushika kipaza sauti, pokeeni hata milioni. Akisema ni lazima aseme "machache", mjue ananunua kitu, na mnajua anachonunua.

Novemba 2024 mnaikumbuka. Tarehe 14 maaskofu walitoa tamko kali, wakakemea uongo unaozoeleka serikalini. Siku tatu baadaye Rais Ruto alisali katika kanisa la Soweto, Nairobi, akatoa shilingi 600,000 za kwaya na watoto na milioni 2 za nyumba ya mapadre, akaahidi nyingine pamoja na basi. Kesho yake Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akatangaza kwamba fedha hizo zitarudishwa. Baadhi yenu mlicheka: Kanisa lina maringo na nyumba haijaisha! Mimi nilimfikiria mweka hazina wa kule, akifungua kitabu ili afute mstari. Nilimwonea wivu. Hebu jiulizeni, lile tamko la tarehe 14 lingesomwa kwa uso gani tena, kama ya tarehe 17 yangefumbiwa macho?

Jambo moja linanisumbua zaidi, nalo ni lenu. Kila Kwaresima tunapewa kijitabu cha Tume ya Haki na Amani. Tunatazama picha, tunajadili, tunasali. Vijana wetu ni hodari hapo. Wataichambua Nairobi yote, wizara kwa wizara. Kisha, chini ya mwembe uleule, kikao cha harambee kinaanza, na sijawahi kusikia mmoja akiuliza pesa ya mgeni rasmi imetoka wapi. Kijitabu kimeshafungwa! Kardinali Otunga, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Nairobi, naye mtoto wa chifu, alipostaafu mwaka 1997 alikwenda kuishi katika nyumba ya wazee ya Masista Wadogo wa Maskini. Mtu kama huyo utamshawishi kwa basi?

Basi, kinanda. Jumuiya zetu ni kumi na mbili. Kila moja ikichanga mahindi, tukafanya mnada Jumapili mbili tatu, tutafika, ila tutachelewa. Mpaka Krismasi mtaimba kwa ngoma na kayamba. Mwalimu wenu wa kwaya atanuna, nitazungumza naye mwenyewe.

Langu ni gunia moja, lipo barazani. Njooni na mkokoteni Jumamosi baada ya mazoezi, maana mgongo wangu haubebi tena. Na msisahau kitabu cha hesabu, nataka kuona likiandikwa.

Babu yenu,
mweka hazina wa zamani