Flashi yako ni nzima, shida iko kwenye majina

Haipiti wiki hapa dukani Busia, tunapopanga nyimbo za wateja kwenye flashi, bila dereva wa taksi kutupa flashi mezani na kusema, "Hii imekufa, nipe nyingine." Tukiichomeka kwenye kompyuta, nyimbo zote zipo. Kumbe kinachomkera ni kwamba redio inapiga wimbo wa kwanza, inaruka hadi wa kumi, kisha wa kumi na moja, na anafika Bugiri kabla ya kuusikia wa pili. Tukimuuzia flashi mpya tutakuwa tumemla pesa bure, maana kesho atarudi na malalamiko yaleyale.

Wimbo mmoja una majina mawili. La kwanza ni jina la faili, lile unaloliona ukifungua folda. La pili limefichwa ndani ya faili hiyohiyo, kwenye maandishi yanayoitwa tagi: jina la wimbo, msanii, albamu, mwaka, namba. Simu kwa kawaida huonyesha tagi, ilhali redio nyingi za gari za bei nafuu hufuata jina la faili. Ndiyo maana mtu anakesha akibadilisha majina kwenye kompyuta, na akirudisha nyimbo kwenye simu anakuta bado zimeandikwa "Track 01".

Tagi zenyewe zilianza kwa ubahili. Mfumo wa tagi za MP3, uitwao ID3, aliubuni Eric Kemp mwaka 1996, na ulitengewa baiti 128 tu mwishoni mwa faili. Jina la wimbo lilipewa herufi 30. Toleo la pili la mwaka 1998 lilileta nafasi ya kutosha, lakini zipo redio kuukuu zinazosoma lile la zamani tu. Andika "Tamasha la Kufunga Mwaka Sehemu ya Kwanza", kisha nyingine "Sehemu ya Pili", na kioo kitakuonyesha "Tamasha la Kufunga Mwaka Sehem" mara mbili. Sisi tunatanguliza neno linalotofautisha. Herufi ŋ ya Kiganda nayo huwa inageuka kisanduku kwenye redio kama hizo, kwa hiyo katika jina la faili tunaandika ng'.

Sasa turudi kwa dereva wetu. Redio hailinganishi namba, inalinganisha herufi moja baada ya nyingine, na kwa hesabu hiyo 10 inatangulia 2. Windows imefundishwa kupanga namba kama binadamu, kwa hiyo kwenye kompyuta kila kitu kinaonekana sawa na mteja anadhani redio ndiyo mbovu. Dawa ni kuandika 01, 02, 03. Nyimbo zikifika mia, anza na 001.

Hata hivyo kuna redio ambazo hazitazami jina kabisa. Zinapiga nyimbo kwa mpangilio ule zilivyoandikwa kwenye jedwali la flashi, yaani uliyoinakili kwanza ndiyo inayopigwa kwanza. Hapo hata namba hazisaidii. Tunahifadhi nyimbo kwenye kompyuta, tunaisafisha flashi, kisha tunazirudisha moja baada ya nyingine kwa zamu. Hii ndiyo kazi tunayoifanya zaidi kuliko zote, na inashangaza jinsi wateja wachache wanavyojua kwamba kuna kitu kama hicho.

Wasanii nao wana balaa lao. Tumeona flashi yenye folda ya TPOK Jazz, nyingine ya TP OK Jazz, nyingine ya Franco, kiongozi wa bendi hiyohiyo, na ya nne ya Franco Luambo, na mwenyewe analalamika kwamba nyimbo zake za Lingala zimepotea. Jose Chameleone naye utamkuta na "Dr" na bila "Dr". Chagua tahajia moja uishikilie. Msanii aliyeshirikishwa mpeleke mwishoni mwa jina la wimbo. Ukimweka kwenye nafasi ya msanii, simu itakufungulia msanii mpya kwa kila ushirikiano. Sisi tunapanga hivi: folda ya msanii, ndani yake mwaka na albamu, ndani yake namba na wimbo. Kwa DJ tunaongeza folda za mitindo, kadongo kamu (muziki wa gitaa wa Uganda) kwake na Lingala kwake, maana ukumbini hakuna muda wa kutafuta.

Kwaya ni habari nyingine. Rekodi zao hupitia WhatsApp na kutokea upande wa pili zikiitwa AUD-20230409-WA0012, na tarehe hiyo haisemi kwaya iliimba lini. Tunaomba mtu aliyekuwepo akae nasi azisikilize, kwa sababu hakuna programu itakayoutambua wimbo ambao haujawahi kutolewa popote. Tarehe tunaanza na mwaka, mwezi, halafu siku: 2023-04-09. Ukianza na siku, kila tarehe tisa ya kila mwezi itakaa pamoja na Pasaka yako ya Aprili itajichanganya na Septemba.

Mwanzoni tulizitegemea mno programu zinazotambua nyimbo zenyewe. Mzee mmoja alituletea nyimbo zake za miaka mingi, tukaiachia programu ibadilishe kila kitu bila kuweka nakala. Nusu ya nyimbo zikapewa majina ya watu wasiohusika. Tulizirudisha kwa masikio, siku tatu, yeye amekaa kwenye kiti akitusahihisha. Pesa hatukuchukua. Tangu siku hiyo hatugusi faili yoyote kabla ya kunakili flashi nzima, na kazi inafanyika kwenye nakala.

Hatuuzi nyimbo, tunapanga ulizoleta. Ukitaka wimbo wa kilobiti 128 kwa sekunde, kipimo cha ubora wa sauti, tuufanye wa 320 ili usikike vizuri, tutakataa, kwa sababu faili itanenepa na sauti itabaki ileile.

Bei tunapatana baada ya kuona idadi ya nyimbo na hali ya majina. Ukija na gari, lilete hadi mlangoni: tunajaribu flashi kwenye redio yako mwenyewe, na unalipa kwa mobile money ukishausikia wimbo wa pili ukifuata wa kwanza.