Mafundi wa vinyunyizio vya moto wapimwe

Mhariri,

Naandika kuhusu mafundi wanaofunga vinyunyizio vya kuzimia moto katika hoteli za hapa Malindi. Nyingi zimeezekwa makuti, na sisi watu wa pwani twajua makuti yakishika moto wakati wa kaskazi: upepo hubeba cheche hadi paa la jirani kabla ndoo ya kwanza haijajaa.

Kifaa chenyewe ni kidogo, lakini hakitaki kubahatisha. Kichwa chake aghalabu kina kichupa cha kioo kinachopasuka joto likifika nyuzi 68, ndipo maji yatoke. Fundi akikipaka rangi, akiweka bomba jembamba kupita kiasi, au akisahau kwamba maji ya chumvi hula chuma, hakuna atakayejua hadi usiku wa moto wenyewe. Bomba la jikoni likivuja utaliona asubuhi. Kosa hili hujificha miaka. Ndiyo maana huko Marekani mwanagenzi wa kazi hii huweza kukaa chini ya fundi mkuu hata miaka 5.

Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, hutahini mafundi wetu kwa madaraja. Naisihi serikali ya Kaunti ya Kilifi isikubali mfumo wowote uliofungwa na mtu asiye na cheti cha kazi hii hasa. Nao wenye hoteli wawachukue vijana wetu kama wanagenzi, kwa posho, wajifunze kwenye majengo hayo hayo.

Mkazi wa Shela, Malindi